Yaliyopita ni Ndwele

Lori lilitoka garajini kwangu Jumatatu likinguruma vizuri, likarudi Alhamisi likikohoa. Ni Fuso kuukuu la silinda sita, linaloleta mahindi na muhogo kutoka upande wa Nyunzu hadi hapa Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika upande wa Kongo, na likirudi huko linapakia chumvi, sabuni na saruji. Nilikuwa nimelifanyia kazi ya siku tatu kwenye njia yote ya mafuta. Niliosha tangi, nikabadilisha vichujio, nikafungua pampu ndogo ya kuvuta mafuta na kuisafisha, nikapima injekta zote sita. Likiwa limesimama chini ya mwembe wangu, liliwaka mara moja na halikutetereka. Nikapokea pesa yangu.

Dereva alieleza hivi: kwenye tambarare halina neno, lakini likipanda kilima na mzigo linashtuka kama mtu aliyepaliwa, linaendelea, linashtuka tena. Mimi nikafanya wanachofanya mafundi wengi mbele ya mteja mwenye hasira. Niligusagusa huku na huku, nikanusa mafuta kidoleni, nikatamka maneno manne: "Mazutu haya si mazuri." Mazutu ndiyo dizeli, kwa lugha yetu ya huku.

Hapa Kalemie maneno hayo hayahitaji ushahidi. Mafuta yetu mengi huvuka ziwa kutoka Kigoma yakiwa kwenye mapipa, na kabla hayajafika kwenye tangi la lori yamepita mikononi mwa watu wengi. Kila mtu anajua kisa cha pipa lililotiwa maji. Mwenye lori alikuwa amenunua pipa lake mwenyewe na kulikagua. Kwa hiyo alipiga hesabu yake palepale: kama mafuta yaliingia safi na sasa ni mabaya, basi dereva ameyauza njiani na kujaza uchafu. Alimfukuza siku hiyohiyo, baada ya miaka sita, akamkata bei ya pipa zima kwenye mshahara. Nilikuwepo. Sikumtaja dereva. Sikumtetea pia.

Akaja dereva mpya, na lori likaendelea kukohoa kilimani vilevile. Mke wa mwenye lori alitaka aletwe mtumishi wa Mungu aliombee, maana kulikuwa na mfanyabiashara mwingine wa mahindi ambaye hawaelewani naye. Sikucheka. Chombo kikikwama, watu hutafuta "nani" kabla ya kutafuta "nini", na mimi ndiye niliyekuwa nimewapa "nani" wa kwanza.

Marehemu baba yangu alifanya kazi kwenye reli ya Kabalo, zile kilomita 273 zilizofika ziwani mwaka 1915, wakati mji huu ukiitwa Albertville. Alikuwa na kanuni moja ya kazi: kitu kikitengenezwa kisha kikasumbua, anza na mkono wa mwisho uliokigusa. Niliijua kanuni hiyo tangu utoto. Wiki tatu nzima niliitumia kwa kila mkono isipokuwa wangu.

Usiku wa Jumamosi moja nilibaki garajini peke yangu. Umeme unaotoka Bendera ulikuwa umekatika, nikawasha tochi. Niliweka kipande cha tiyo ya plastiki inayoonyesha ndani, kati ya pampu ndogo na kichujio, nikawasha injini, nikafunga waya wa mafuta ili mwendo upande. Povu likapita ndani ya tiyo, dogo, jeupe, kama ushanga. Likafuata jingine.

Nieleze kidogo, kwa sababu hoja yangu yote imo humu. Injini ya dizeli haina cheche. Inabana hewa ndani ya silinda hadi hewa inakuwa moto mkali, kisha injekta inarusha mafuta kama ukungu, yanawaka yenyewe. Ili injekta ifunguke, pampu kubwa lazima isukume mafuta kwa nguvu ya baa 200 hivi. Tairi la lori hilohilo halifiki hata 10. Pampu inaiweza kazi hiyo kwa kuwa mafuta hayabaniki kirahisi: ukiyasukuma mwanzo wa bomba, yanasukuma mwisho wake papo hapo. Tangu kampuni ya Bosch ianze kutoa pampu za namna hii kwa wingi mwaka 1927, siri ni hiyohiyo. Lakini hewa ikiingia, pampu inasukuma, povu linajikunja, nguvu inaishia humo. Injekta haifunguki, silinda inaruka zamu yake. Pampu imefanya kazi yote na hakuna kilichofika.

Halafu kuna jambo ambalo hata fundi mzoefu hulisahau. Mbele ya pampu ndogo mafuta yanasukumwa. Tundu likiwa upande huo, mafuta yanadondoka chini na kila mtu anaona. Nyuma yake, kuelekea tangi, mafuta yanavutwa. Tundu likiwa huko, hakuna kinachotoka, ila hewa inaingia. Chini ya lori ni pakavu. Na injini isipokuwa na mzigo inavuta kidogo, kwa hiyo hewa inayoingia ni kidogo. Ndiyo maana chini ya mwembe lilikuwa zima, kilimani likawa gonjwa.

Nikachomoa bomba la tangi, nikavuta mafuta kutoka kwenye bidoni, yaani dumu, niliyoiweka chini. Povu liliendelea: basi tangi halina kosa, wala bomba lake refu. Nikazima injini, nikaitundika bidoni juu, kwenye ubavu wa bodi, ili mafuta yashuke kwa uzito wake. Nikangoja. Baada ya dakika chache, mahali palipokuwa pakivuta pakaanza kutoa. Tone la mazutu lilijikusanya kwenye ukingo wa bulo, yaani bolti, inayoingiza mafuta kwenye pampu ndogo. Bulo hiyo niliifungua mimi na kuifunga mimi.

Chini yake kuna rondeli, pete ya shaba ambayo haizidi ukucha wa kidole gumba. Shaba ikishabanwa mara moja huwa ngumu, haijazi tena mikwaruzo. Inabidi uweke mpya, au angalau uichome hadi iwe nyekundu ilainike. Mimi nilirudisha ileile ya zamani bila kuichoma. Rondeli mpya zilikuwa kwenye kopo, hatua nne kutoka nilipokuwa nimelala chini ya lori. Nilichoka tu kuinuka.

Kuweka mpya kulinichukua dakika kumi. Nikawasha. Injini ikajikwaa tena, mbaya kuliko mwanzo, ikazima.

Fundi yeyote anajua kwa nini. Tundu lilikuwa limeziba, lakini hewa iliyokwisha kuingia ilikuwa bado ndani, na haikuwa na pa kutokea. Kuziba hakuiondoi. Lazima ulegeze skrubu juu ya kichujio, upampu kwa mkono mpaka yatoke mafuta matupu yasiyo na povu, ndipo ukaze. Kisha skrubu ya pampu kubwa. Kisha nati za injekta, moja baada ya moja, hadi ile ya mbali kabisa. Utaratibu huo haugeuzwi: unaanza upande wa tangi. Na unachafuka, kwa sababu hewa haitoki bila kumwaga mafuta.

Saa nne usiku lori lilikuwa linanguruma sawasawa, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye tairi kuukuu nikiwa na swali ambalo halikuwa la ufundi. Kosa langu limesahihishwa. Hakuna aliyeniona. Jumatatu mwenye lori atakuja, nitamwambia nimerekebisha pampu, atashukuru. Je, kosa lililokwisha kutengenezwa bado linahitaji kuungamwa? Na kama linahitaji, kwa nani?

Mimi ni katekista. Nimefundisha watoto mara nyingi kwamba kitubio kina majuto, maungamo na malipizi. Lakini usiku ule niligundua kwamba ninaweza kwenda kwa padre, nikajuta kweli, nikaungama kweli, nikapewa sala za kusali, na dereva asijue chochote. Jirani yangu Mpentekoste angenipa njia fupi zaidi: mwambie Yesu hapohapo ulipo, damu yake yatosha. Njia zote mbili zinanipeleka mbinguni bila kupita nyumbani kwa yule mtu.

Kesho yake nilikwenda kwa rafiki yangu muuza vipuri, Mwislamu ambaye mababu zake walitoka Ujiji. Nilimweleza yote. Alinisikiliza akipanga vichujio kwenye rafu, kisha akasema, "Ndugu yangu, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Lori limepona. Yule kijana atapata kazi nyingine. Wewe una vijana wanne wanaokula kwenye garaji hii. Ukitangaza, nani atakuletea gari?"

Ilikuwa hoja nzito na sikuwa na jibu. Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiita. "Ila nisikufiche," akasema. "Kwetu toba ina masharti matatu: uache, ujute, uazimie kutorudia. Kosa likigusa haki ya mja, kuna la nne. Umrudishie haki yake, au akusamehe yeye mwenyewe. Hapo Mungu hamsamehei mtu kwa niaba ya mwenzake." Akarudi kwenye vichujio vyake kama aliyejuta kusema.

Nilitembea nikiifikiria ile methali. Nimeipenda maisha yangu yote, na nimeitumia kupatanisha ndoa za watu. Ina ukweli wake: kuna mambo ambayo kuyafukua ni kuyaua mara ya pili. Lakini nimeshika spana miaka thelathini, na ninachojua ni kwamba yaliyopita yanakuwa ndwele pale yanapobaki ndani. Lori lile halikukwama usiku ule kwa sababu ya tundu, maana tundu halikuwepo tena. Lilikwama kwa sababu ya yaliyopita.

Nilimkumbuka Agostino, askofu wa Hipo, katika nchi inayoitwa Algeria leo. Karibu na mwaka 397 alianza kuandika kitabu cha maungamo yake, na humo anakumbuka wizi alioufanya akiwa na miaka kumi na sita: yeye na wenzake waliiba mapeari ya jirani, wakawatupia nguruwe. Hakuna aliyekuwa akimuuliza. Alikuwa ameheshimika, kosa lenyewe la kitoto, na bado akalitoa nje. Hilo linanipa moyo. Lakini kwenye kitabu chake, pamoja na machozi yote, hasemi kwamba alimtafuta mwenye mti. Ameungama kwa Mungu na kwa wasomaji wa karne kumi na sita. Mwenye mapeari hayumo. Zakayo, mtoza ushuru wa kwenye Injili, hakuandika kitabu; alisimama mbele ya watu akaahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Kwa jambo hili namfuata Zakayo.

Bado kuna pingamizi moja ambalo sitalificha. Huenda kuungama ni uchoyo wa aina yake. Ninatoa mzigo kifuani mwangu na kuuweka kifuani mwa mwingine, naenda kulala vizuri, yeye anabaki macho. Nimewaona watu wanaoungama hivyo, mpaka aliyekosewa ndiye anayelazimika kuwabembeleza. Jibu langu ni la fundi: angalia nani anachafuka. Maungamo ambayo hayamwagi chochote cha muungamaji ni hewa tu. Yanabanwa, yanajikunja, na hakuna kinachofika upande wa pili.

Basi nilimtafuta yule dereva aliyefukuzwa, nikamkuta kwenye mto Lukuga, akisomba mchanga. Mto huo ndio njia pekee ya ziwa Tanganyika kutoa maji yake. Stanley, yule msafiri Mzungu, alipopita mwaka 1876 aliukuta umezibwa na matope na mafunjo, maji yamesimama. Miaka michache baadaye ziwa lilifurika na kujifungulia mlango kwa nguvu. Katika miaka hii ya karibuni sisi wenyewe tumeona ziwa likipanda hadi ndani ya nyumba za watu. Nilikaa kwenye jiwe nikimsubiri ashushe karai lake, nikitamani anione na kuondoka, ili niweze kusema nilijaribu.

"Papa fundi," akanisalimu, na akanifutia mahali pa kukaa, ingawa nilikuwa nimekaa tayari. Heshima yake ilinichoma kuliko tusi. Nilimwambia habari ya rondeli. Nilimwambia pia habari ya maneno manne, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kutambua kwamba makosa yalikuwa mawili: la mkono, ambalo lilikuwa uvivu, na la mdomo, ambalo lilikuwa uoga. La kwanza lilikwamisha lori. La pili lilikwamisha mtu.

Alinyamaza kidogo. "Mimi nilijua si mazutu," akasema. "Lile lori nimeliendesha miaka sita. Nilikuwa nangoja tu mtu mwingine aseme." Kisha akasema jambo ambalo sikuwa nimelitarajia. "Mke wangu aliniuliza mara moja tu: uliuza? Nikamwambia hapana. Hajauliza tena. Lakini Papa, ananiangalia. Kama kweli umekuja kwa ajili yangu, uje useme nyumbani."

Ile ndiyo nati ya injekta ya mbali kabisa. Nilikuwa nimejiandaa kwa ajili yake na kwa ajili ya bosi wake, sikuwa nimefikiria mwanamke aliyekaa jikoni akipima ukweli wa mume wake kwa macho. Nilikwenda jioni hiyo. Nilisema nikiwa nimesimama, mbele ya watoto na mama mkwe. Mke wake hakulia wala hakunishukuru. Alimtazama mumewe, akaenda akamletea maji ya kunawa. Ndiyo yote niliyoona.

Kwa mwenye lori nilikwenda Jumatatu. Nilidhani atakasirika kwa ajili ya rondeli. Hilo alilipuuza. Alikasirika kwa sababu sasa na yeye alikuwa na mtu wa kumwomba radhi, na hakutaka. "Wewe ungenyamaza tu," akaniambia. "Lori lilikuwa limepona." Kuungama kwangu kulikuwa kumelegeza skrubu upande wake, naye akaikaza upesi. Hakumrudisha dereva kazini wala hakurudisha bei ya pipa. Fuso lile sasa linatengenezwa kwingine, na wateja wawili walilifuata. Rafiki yangu wa vipuri hakukosea katika hesabu yake.

Naogopa kutoa mifano mikubwa kuliko garaji yangu, lakini mkoa huu unanilazimisha. Tangu mwaka 2013 Waluba na Watwa wa mkoa wa Tanganyika walichomeana vijiji, upande wa Nyunzu, Manono na hapa Kalemie, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbia nyumba zao. Wengi wamerudi. Paa zimeezekwa tena. Watu wanauziana mihogo sokoni na kusalimiana. Tundu limezibwa, na sidharau kazi hiyo, maana bila kuziba hakuna lolote. Lakini pale ambapo watu wameketi kwenye baraza na mtu akasema mbele ya jirani yake "moto ule niliuwasha mimi", pamepatikana kitu ambacho mabati hayaleti. Pale ambapo hakuna aliyesema, utaona salamu zinatolewa tambarare tu. Ngoja kije kilima, uchaguzi, au mgogoro wa shamba, ndipo utasikia injini.

Najua mfano wangu una mwisho wake. Lori halina haya, wala halina haki ya kukataa kupona. Dereva anayo haki hiyo. Amenisamehe kwa mdomo, na sidai zaidi. Anaendesha gari la mtu mwingine siku hizi, na tukikutana njiani anapiga honi. Sijui kama ananisalimia au ananikumbusha, na sina haki ya kumuuliza.

Basi nikujibu wewe msomaji, kama unalo la kwako. Kosa lililotengenezwa bado linahitaji kuungamwa, iwapo kuna mtu aliyelilipia. Anza kwake, kabla ya padre, kabla ya shehe, kabla ya kiongozi wako. Sema hadi kwenye sikio la mbali kabisa lililosikia uongo. Na uende na kitu mkononi.

Bei ya pipa lile nimeigawa mara tano. Nimemlipa dereva mara tatu, zimebaki mbili.